Mwalimu aliyefundisha tromboni kuimba: Emory Remington wa Rochester

Katika simfoni ya kwanza ya Brahms (1876) wapiga-tromboni watatu wanakaa kimya sehemu tatu nzima. Wenzao wa violini wanatoka jasho, filimbi na pembe zinajibizana, nao wameweka tromboni magotini, zinapoa. Inapita nusu saa, mara nyingine zaidi. Kisha, katika mwanzo wa sehemu ya nne, mwongozi anawaonyesha mkono, nao wanapaswa kutoa papo hapo wimbo wa polepole, wa sauti ndogo, mfano wa wimbo wa kanisa. Na Brahms ameandika kwamba upigwe kwa utamu. Midomo imekauka, chuma ni baridi, watu wote wanasikia. Asiyejua kazi hii anafikiri kwamba ugumu wa tromboni ni kupiga kwa nguvu. Sivyo. Kupiga kwa nguvu, hata kijana wa fanfari anakuweza baada ya miezi michache. Ugumu ni kuanza nota moja ndogo, safi, baada ya kungoja sana.

Schumann alikuwa amekwisha kuwatesa vile vile. Katika mwaka 1850 aliandika simfoni inayoitwa ya mto Rhin, na sehemu yake ya nne inafuata mfano wa sherehe kubwa katika katedrali ya Köln, wakati Askofu mkuu Geissel alipopewa ukardinali. Hapo tromboni, zilizonyamaza tangu mwanzo, zinaingia juu sana na kwa sauti ya chini, kama maandamano ya mapadri yanayotokea polepole nyuma ya nguzo. Ni ukurasa mmoja wa muziki unaostahili kusikiwa na kila mseminari, hata asiyependa orkestra.

Bila kujua mambo haya hatuwezi kupima vema kazi ya mtu ambaye napenda kumweleza hapa. Si mtungaji. Hakuandika simfoni wala misa. Jina lake, Emory Remington, halijulikani kwetu. Lakini kila anayejifunza tromboni kwa namna ya Waamerika anapiga asubuhi mazoezi yaliyotoka kwake, hata kama hajui ni ya nani.

Remington alizaliwa mwaka 1891 katika mji wa Rochester, huko Amerika, jimbo la New York. Ni mji wa kiwanda cha Kodak. Bwana George Eastman, mwenye kiwanda kile, alipata utajiri mwingi kwa kuuza vyombo vya kupigia picha, na sehemu ya mali yake aliitoa kwa muziki: shule kubwa ya muziki ilifunguliwa mwaka 1921, na mwaka 1922 nyumba ya sinema na tamasha, pamoja na orkestra ya mji. Remington aliingia kufundisha katika shule ile mwaka 1922. Tangu mwaka 1923 alikuwa pia mpiga-tromboni wa kwanza katika orkestra ya Rochester, akaketi kiti kile mpaka 1949. Alipiga chini ya waongozi wenye sifa: Mwingereza Eugene Goossens, Mhispania José Iturbi, na mwishoni Erich Leinsdorf aliyetoka Vienna. Kisha akaacha orkestra, lakini shule hakuiacha. Alifundisha mpaka mwaka wa kufa kwake, 1971, akikaribia miaka 80. Ni miaka 49 katika shule moja na katika mji mmoja. Wanafunzi walimwita «Chifu», na jina hilo limemkaa mpaka leo.

Kuna watu wanaosema kwamba mwalimu ni mtu aliyeshindwa kufanya mwenyewe. Neno hilo linasikiwa hata katika nyumba za mapadri, juu ya wale wanaobaki seminarini miaka mingi wakati wenzao wanajenga misioni. Kwa Remington neno hilo halisimami. Kwa muda wa miaka 26 alifanya kazi mbili pamoja: asubuhi alimfundisha kijana namna ya kuanza ile nota ndogo ya Brahms, na jioni alipaswa kuianza yeye mwenyewe mbele ya watu. Mafundisho yake yalipimwa kila juma na kazi yake, na kazi yake na mafundisho. Ndiyo sababu mazoezi yake hayana maneno ya bure.

Tuyatazame. Tromboni haina matundu wala vidude vya kubonyeza kama tarumbeta. Ina bomba la kuvuta lenye fasi saba. Katika fasi ya kwanza bomba limefungwa. Kila fasi inayofuata inashusha sauti kwa nusu-toni, mpaka ya saba, ambapo mkono umenyooka karibu wote. Hakuna alama juu ya chuma ya kuonyesha fasi iko wapi. Mkono unatafuta, sikio linahukumu. Kwa hiyo mpiga-tromboni ni ndugu wa mwimbaji kupita wa ala nyingi za pumzi: asiposikia nota akilini kabla ya kuipiga, hataipata.

Zoezi linalojulikana zaidi la Remington linaanza katikati ya sauti, pasipo taabu: Si bemoli katika fasi ya kwanza. Kutoka pale mtu anashuka mpaka La, anarudi Si bemoli. Anashuka mpaka La bemoli, anarudi. Ndivyo hivyo, kila mara fasi moja mbali zaidi, mpaka Mi ya fasi ya saba. Nota ni ndefu, sauti ni ya kadiri, pumzi inapita bila kusukumwa. Mtu akisoma karatasi atasema: Haya tu? Hata mtoto angeweza kuyaandika. Ni kweli, angeweza kuyaandika. Lakini tazama yanafanya nini. Kila mara mtu anarudi kwenye nota ile ile ya kwanza, na kila mara anatoka mbali zaidi. Sikio linapewa kipimo kisichobadilika. Midomo haishangazwi. Kabla mtu hajafikiri juu ya kuwa mwepesi ao mwenye nguvu, amekwisha kuzoea kitu kimoja: sauti ya fasi ya saba iwe sawa na sauti ya fasi ya kwanza, isiwe maskini kwa sababu mkono uko mbali. Kwa yule anayengoja nusu saa katika simfoni ya Brahms, mazoea hayo ndiyo msaada alio nao.

Wengi wa walimu wa zamani walianza somo kwa vita: nota za juu, nota za nguvu, ulimi wa haraka. Remington alianza kwa amani. Wanafunzi wake wanakumbuka hasa kwamba aliimba. Kijana alipopiga, Chifu aliimba pamoja naye, akimwonyesha kwa sauti yake mahali pa kuvuta pumzi, nota inayoelekea mbele na nota inayopumzika. Hakueleza sana habari za misuli ya mdomo. Aliimba, na kijana akafuata.

Hapo ninaona ubora wake, na hapo pia ninaona hatari. Mazoezi yale yametoka mikononi mwake yakaenea katika shule nyingi na fanfari nyingi za vijana, na mara nyingi yamefika bila wimbo. Kundi zima linashuka na kupanda fasi kwa fasi, macho yanatazama dirisha, kama rozari inayosaliwa na midomo tu. Lawama si ya Remington. Lakini mazoezi yaliyo rahisi namna ile yanaacha kila kitu kwa mwalimu anayesimama mbele. Akiwa hana sikio, hakuna kitu katika karatasi kitakachomsaidia. Kuna vitabu vingine vya ala za shaba ambavyo hata mwalimu mbaya hawezi kuviharibu kabisa, kwa maana ugumu wenyewe unamlazimisha mwanafunzi kusikiliza. Mazoezi ya Remington hayamlazimishi mtu kitu.

Nyimbo zenyewe zilitoka wapi? Hapo anaingia mtu mwingine, Mfaransa Joannès Rochut. Alikuwa mpiga-tromboni wa kwanza katika orkestra ya Boston tangu 1925 mpaka 1930, wakati Serge Koussevitzky alipokuwa mwongozi. Mwaka 1928 alitoa vitabu vitatu vyenye mazoezi 120, aliyoyachagua katika kazi za Marco Bordogni. Huyu Bordogni (1789-1856) hakugusa tromboni hata kidogo. Alikuwa mwimbaji Mwitalia, wa sauti ya tenori, aliyefundisha kuimba katika Konservatwari ya Paris. Aliwatungia wanafunzi wake nyimbo zisizo na maneno, za kuimbwa kwa vokali tu, na pianu chini yake. Rochut alizitwaa, akazipanga upya kwa tromboni, akabadili ufunguo palipohitajiwa ili zikae vema katika ala. Tangu siku ile wapiga-tromboni wa Amerika, na wengi wa Ulaya, wamejifunza kazi yao katika kitabu cha mwimbaji. Katika shule ya Rochester pia vitabu hivyo vilifunguliwa daima. Remington hangeweza kupata vilivyopatana zaidi na mawazo yake.

Watu wanadharau kazi ya kupanga upya. Wanasema: ametwaa cha mwingine. Lakini jaribu kufikiri juu ya shida ambayo Rochut alitaka kuimaliza. Mtu akivuta bomba la tromboni bila kugusa pumzi kwa ulimi, sauti inateleza toka nota mpaka nota kama mlevi anayerudi nyumbani. Akiikata kwa ulimi mgumu, nota zinaachana, wimbo unavunjika. Inampasa kupata njia ya katikati: ulimi unaogusa kidogo sana, kama mtu anayesema «da» kwa upole, na mkono unaoondoka upesi wakati ule ule. Hii haifundishwi kwa maelezo. Inafundishwa kwa kumpa mtu wimbo mzuri hata aone haya kuuharibu. Bordogni alijua kuandika nyimbo za namna hiyo: si nyimbo kubwa, hakuna atakayelia kwa kuzisikia, lakini zina mwendo wa pumzi ya mwanadamu. Zinapanda mahali ambapo kifua kinataka kupanda na zinapumzika kabla ya kuchoka. Rochut aliona kwamba kile ambacho tromboni ilikosa kilikuwa tayari ndani ya sanduku la waimbaji. Kuona hivi ni akili ya msanii. Na mwaka ule ule wa 1928 Ravel alisikizisha Boléro yake huko Paris, ambamo tromboni inaimba peke yake, juu sana, ikiteleza kwa makusudi kwa namna ya jazi. Ule utelezi ambao Rochut alifundisha kuuepuka, Ravel aliufanya kuwa uzuri. Mpiga-tromboni mzuri alipaswa sasa kuweza yote mawili, kusudi akiteleza, ateleze kwa kutaka.

Kosa moja la vitabu vile siwezi kulinyamazia. Rochut aliacha pianu ya Bordogni. Alichapa sauti ya juu tu. Kwa miaka mingi vijana wamepiga nyimbo hizi peke yao chumbani, bila kujua ni akordi gani inapita chini. Nota ambayo Bordogni aliiweka iwe chungu kidogo, ikae dhidi ya basi kisha ilegee, kijana anaipiga sawa na nyingine zote, kwa kuwa hasikii chochote inachopigana nacho. Anajifunza sura ya wimbo bila kujifunza sababu yake. Mtu aliyepata kuongoza kwaya anajua jambo hili: fundisha tenori peke yake juma zima, nayo itaimba kama soprano mbovu, iite pamoja na basi, na mara moja inajua mahali pake. Machapo ya siku hizi yameanza kurudisha pianu, na hilo ni jambo jema, ingawa limekawia.

Kosa la pili ni la namna nyingine. Utamu wa Bordogni ni utamu wa opera ya Kiitalia ya nyakati zake. Mtu anayekula mlo huo tu kila siku atapiga Brahms vizuri, lakini atafanya nini mbele ya Wagner, mbele ya Berlioz, mahali ambapo tromboni inapaswa kutisha? Walimu wenye busara wanaongeza mazoezi ya Kopprasch, yaliyoandikwa kwa ajili ya pembe, makavu na yenye mifupa. Nafikiri wale wanaolaumu shule ya Rochester kwamba ilipenda sauti nzuri kupita kiasi hawakosi kabisa. Lakini nikipewa kuchagua, nitamchukua kijana aliyejua kwanza kuimba na kumfundisha baadaye kupiga kelele. Njia ya kinyume ni ndefu.

Tena wazo hili la tromboni kuwa sauti ya kuimba si uvumbuzi wa Amerika. Ni la Kanisa. Sisi tunajua Motu proprio ya Papa Pio X ya mwaka 1903, iliyokataza fanfari kupiga ndani ya kanisa na kuruhusu ala za pumzi kwa shida tu, chache, kwa ruhusa ya Askofu. Kwa hiyo twafikiri kwa urahisi kwamba tromboni ni kitu cha barabarani na cha maandamano. Lakini zamani ilikaa ndani, karibu na waimbaji. Huko Venezia, katika kanisa la Marko Mtakatifu, Giovanni Gabrieli aliandika sonata iliyochapwa mwaka 1597, na nyingi za ala zake ni tromboni. Katika katedrali ya Salzburg, wakati wa ujana wa Mozart, tromboni tatu zilifuata sauti za kwaya: moja na alto, moja na tenori, moja na basi, zikiwashika waimbaji mkono. Wakati ule sauti yao ilipaswa kupatana na sauti ya watu; kama isingepatana, wangefukuzwa. Na Mozart alipofika katika Requiem yake (1791) kwenye maneno ya Tuba mirum, aliita tromboni moja peke yake, nayo haingii kwa kelele za siku ya mwisho, bali kwa wimbo, ikiongea na basi mmoja. Wajerumani, katika Biblia yao, tarumbeta ya hukumu wanaiita kwa jina la tromboni. Mozart alikuwa na ruhusa ya kutisha. Akachagua kuimba. Mtu anayetaka kumtetea Remington angeweza kufungua ukurasa huo tu.

Katika Rochester kazi hii ya kuimba ilionekana hasa katika kwaya ya tromboni, ambamo wanafunzi wote walipiga pamoja kwa sauti nne ao zaidi. Muziki ulioandikwa kwa kundi la namna hii ni mchache. Beethoven aliacha vipande vitatu vifupi kwa tromboni nne, vya siku ya Marehemu, alivyoviandika Linz mwaka 1812, na viwili kati yake vilipigwa tena katika mazishi yake mwaka 1827. Kisha mtu anatafuta kwa shida. Kwa hiyo kwaya kama hiyo lazima iishi kwa kupanga upya nyimbo za wengine, za kanisa na za orkestra, na mwanafunzi anayekaa ndani yake anajifunza bila kujua kazi ya mpangaji: anasikia kila siku namna sauti ya tatu inavyobeba zile nyingine.

Matunda yake yanaonekana. Donald Hunsberger, mwanafunzi wa Remington, aliongoza orkestra ya ala za pumzi ya shule ile ile tangu 1965 mpaka 2001, na kati ya kazi zake za kupanga upya ipo ile ya Shostakovich iitwayo «Ouverture ya sikukuu», inayopigwa na fanfari nyingi sana. Robert Marsteller, na baadaye Ralph Sauer, waliketi kiti cha kwanza cha tromboni huko Los Angeles. Sauer alikaa pale tangu 1974 mpaka 2006, na ametoa mipango mingi ya nyimbo kwa tromboni na kwa kundi la shaba, akitwaa kwa violini, kwa selo, kwa waimbaji. Na Dorothy Ziegler alikuwa mpiga-tromboni wa kwanza katika orkestra ya St. Louis tangu 1944 mpaka 1958, wakati ambapo katika orkestra kubwa mwanamke mwenye tromboni alikuwa kitu ambacho watu hawajapata kuona. Alikuwa pia mpiga-pianu mwenye ujuzi, na aliwafundisha waimbaji wa opera. Si ajabu kwamba mtu wa namna hiyo alitoka katika shule ya Chifu.

Wengine wanasema kwamba hawa wote wanatoa sauti moja. Nimesikiliza sahani za orkestra hizi, wala sikubali. Wana tabia moja, hilo ndiyo: hakuna anayeanza nota kwa kuipiga teke. Lakini sauti ya Los Angeles si ya St. Louis, na mpangaji Hunsberger alifikiri kwa namna ambayo mwalimu wake hakuifikiri kamwe. Ukitaka kujua kama mwalimu amefinyanga watu ao sanamu, tazama kama wanafunzi wake wamefanya mambo ambayo yeye hakuyafanya.

Mwaka 1980, miaka tisa baada ya kufa kwa Remington, Hunsberger alitoa kitabu cha mazoezi yake, pamoja na maelezo. Zamani yalikuwa yakipita hasa toka mkono mpaka mkono. Kitabu kimefanywa kwa uaminifu. Maelezo si mengi mno, na mahali ambapo Hunsberger hawezi kueleza, haongezi maneno. Mwanafunzi anayekinunua atapata kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa cha maana zaidi, yaani ile sauti ya mzee aliyeimba karibu na sikio lake. Anayefundisha kwa kitabu hicho itampasa kuitia yeye mwenyewe, na kama anaona haya kuimba mbele ya wanafunzi wake, afadhali akiache dukani.